Nani Ameketi Kwenye Bodi ya Kampuni Inayobeba Pesa Zako?

Kila Oktoba bonasi ya majani chai ikiingia, simu hulia kutoka Githongo hadi Kionyo, na kule Embu kutoka Rukuriri hadi Mungania. Kwa wengine pesa hupitia Sacco, kwa wengine benki, lakini nyingi huishia kwenye simu. Karo inalipwa, fundi wa mabati analipwa, mama anatumiwa kitu kidogo. Maua na Laare ni vivyo hivyo, ila huko hawangoji Oktoba. Miraa huvunwa leo, huuzwa leo, na malipo yanatakiwa leo.

Sasa hebu tuulizane. Mkulima wa Mungania anamjua mkurugenzi wa kiwanda anayewakilisha eneo lake. Anajua alikuwa mwalimu au mfanyabiashara, shamba lake liko wapi, na kama chai yake imetunzwa au imejaa magugu. Alimpa kura au alimnyima. Lakini mkulima huyo huyo ukimwuliza wakurugenzi wa kampuni ya simu inayobeba bonasi yake ni akina nani, atakutajia Mkurugenzi Mkuu, pengine na mwenyekiti kama alimwona kwenye taarifa ya habari. Hao wengine hawajui, na hajawahi kuona sababu ya kuwajua.

Sababu ipo. Watu hao ndio wanaoidhinisha mipango mikubwa ya kampuni, ndio wanaoajiri bosi na kumfuta, na ndio wanaopaswa kuuliza maswali magumu kabla pesa zako hazijaingia hatarini. Habari njema ni kwamba majina yao, masomo yao na kazi walizofanya zamani si siri. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huyachapisha kila mwaka. Kazi yako ni kujua namna ya kuyasoma tu.

Tutatumia mfano wa Safaricom, kwa sababu ndiyo kubwa zaidi Kenya katika biashara hii na habari zake ziko wazi. Lakini utakachojifunza hapa unaweza kukitumia kwa kampuni yoyote ya malipo, sisi pia tukiwemo.

Bodi ni nini hasa?

Watu wa Meru hawahitaji maelezo marefu hapa. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, halilimi shamba la mtu wala halichungi ng'ombe wa mtu. Kazi yake ni kusikiliza, kupima na kuamua. Na mzee haingii humo kwa sababu ya mvi peke yake, huangaliwa tabia na busara.

Bodi ya wakurugenzi hufanana na hilo kwa jambo moja: haiendeshi kazi ya kila siku. Mkurugenzi wa bodi hajibu simu za wateja na harekebishi mitambo. Kazi hiyo ni ya Mkurugenzi Mkuu na wafanyakazi wake. Bodi humteua Mkurugenzi Mkuu huyo, huidhinisha mipango na bajeti, husimamia ukaguzi wa hesabu na hupima hatari. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inamtaka kila mkurugenzi atumie uangalifu na ujuzi wake, aepuke mgongano wa maslahi, na atangaze wazi kama ana maslahi yake binafsi katika jambo linaloamuliwa.

Umeona hilo neno "ujuzi"? Hapo ndipo taaluma inapoingia. Mtu hawezi kuuliza swali ambalo hajui kama lipo. Mhasibu akiletewa karatasi za hesabu, jicho lake linakwenda penye shimo. Mhandisi akizisoma karatasi hizo hizo anaweza kulipita shimo asilione, lakini umwambie mtambo una nakala moja tu ya data, usingizi utamtoka.

Viti vilivyobadilisha watu

Tuanze na uongozi wa bodi ya Safaricom, kwa maana historia yake inaeleza mengi.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mwenyekiti alikuwa Nicholas Nganga. Huyu alikuwa mtu wa serikali. Aliwahi kuwa katibu wa kudumu katika wizara kadhaa, Fedha ikiwemo. Ukifikiria wakati ule, utaelewa kwa nini mtu wa aina hiyo alifaa. Kampuni ya simu ilikuwa inaingia katika biashara ya pesa bila kuwa benki, na hakukuwa bado na sheria ya malipo kwa simu. Mambo mengi yalitegemea maelewano na Benki Kuu na Hazina. Mwishoni mwa 2008 Wizara ya Fedha iliitisha ukaguzi wa M-Pesa, na Januari 2009 Benki Kuu ikaeleza hadharani kuwa huduma hiyo ilikuwa salama. Mtu aliyewahi kukaa ndani ya Hazina anajua maswali ya Hazina kabla hayajaulizwa.

Wakati huo Mkurugenzi Mkuu alikuwa Michael Joseph, mhandisi wa umeme aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town. Alianza kuiongoza kampuni mwaka 2000 ikiwa na wateja takriban 20,000 tu. Alipoondoka 2010 walikuwa wamepita milioni 16. Mhandisi alifaa kwa kazi ya wakati ule, yaani kujenga minara, kufikisha mtandao vijijini na kuhakikisha laini inashika.

Aliyemfuata alikuwa Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyekulia Uingereza. Yeye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alipanda ngazi kupitia kampuni za simu, upande wa biashara na ununuzi wa simu za mkononi, hadi Vodafone, kisha akaja Kenya. Aliiongoza Safaricom hadi alipofariki tarehe 1 Julai 2019. Kwa hivyo unaposoma wasifu wa mkurugenzi, usiishie kwenye orodha ya vyeti. Angalia pia kazi alizofanya. Miaka 20 ya kuuza simu nayo ni shule.

Aprili 2020 akaingia Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kushika wadhifa huo. Taaluma yake ni uhasibu. Alianzia PwC, kisha akaongoza biashara ya Guinness kule Ghana na Nigeria kabla ya kurudi nyumbani. Kutoka bia hadi simu! Wengine walishangaa, lakini biashara ya bia na ya pesa kwa simu zinafanana mahali pamoja: zote mbili zinaishi au kufa kwa maelfu ya maduka madogo yaliyotapakaa hadi Ishiara na Mikinduri.

Kiti cha mwenyekiti nacho kilizunguka. Joseph, yule mhandisi, alikikalia kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2022. Akampokeza John Ngumi, mwanabenki wa uwekezaji. Ngumi hakumaliza mwaka huo. Kufikia mapema 2023 mwenyekiti alikuwa Adil Khawaja, ambaye ni wakili. Katika kipindi kisichofika mwaka mmoja, kiti kimoja kilipita kwa mhandisi, mwanabenki na wakili.

Kila taaluma na swali lake

Swahili wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Bodi ya taaluma moja ni kidole kimoja. Hebu tuangalie kila mmoja anakuulizia swali gani wewe mteja.

Mhasibu huuliza: pesa za wateja ziko wapi, na nani amezihesabu? Swali hili ni la maana kuliko unavyodhani. Salio unaloliona kwenye simu si pesa zilizolala ndani ya simu, wala si mali ya kampuni ya simu. Kwa M-Pesa, pesa za wateja hushikiliwa na kampuni ya udhamini na huwekwa katika akaunti za benki zaidi ya moja, mbali na pesa za Safaricom yenyewe. Kanuni za mifumo ya malipo za mwaka 2014 zinataka pesa za wateja zitengwe namna hiyo. Kila jioni jumla ya salio za wateja wote lazima ilingane na kilichoko benki. Ikipungua hata kidogo, mhasibu mzuri hatulii.

Kwenye bodi ya Safaricom wahasibu hawajakosekana. Rose Ogega, aliyeingia mwaka 2019, ni mhasibu. Dilip Pal, aliyekuja kuwa afisa mkuu wa fedha 2020, ni mhasibu. Kutoka Vodacom ya Afrika Kusini, Shameel Joosub amesomea uhasibu na Raisibe Morathi ni mhasibu aliyewahi kusimamia fedha za benki ya Nedbank. Mwongeze Ndegwa, hao tayari ni watano. Hii si bodi nzima, lakini inakuonyesha uzito umeegemea wapi.

Wakili huuliza: tumeruhusiwa? Na mteja akituonea, au sisi tukimwonea, kutakuwaje? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kampuni haiwezi kuichezea namba yako ya simu, kitambulisho chako na orodha ya watu unaowatumia pesa inavyotaka. Hilo ni swali la wakili.

Mwanabenki huuliza: tukikopesha, nani atalipa na nani hatalipa? Hili tutalirudia hapa chini.

Mtu wa masoko huuliza: mteja anataka nini, na bei hii ataivumilia? Hii ndiyo taaluma niliyosomea mimi, kwa hivyo nitasema ukweli wake wote. Mtu wa masoko akikosa wa kumdhibiti anaweza kukuuzia kitu kitamu ambacho hukihitaji. Ndiyo maana anahitaji kukaa karibu na mhasibu na wakili.

Mhandisi huuliza: mtambo ukianguka Jumamosi jioni, tuna mwingine? Muulize mwanamke anayeuza ndizi soko la Gakoromone. Mteja amekwisha kubeba mkungu, ujumbe wa malipo hauji, na foleni inazidi. Kwa dakika hizo chache, taaluma zote nyingine zinangojea mhandisi.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya wahasibu. Kampuni tunayoiita ya teknolojia ina bodi yenye uzito mkubwa upande wa fedha. Je, ni kasoro? Si lazima. Wahandisi wapo kwa wingi katika menejimenti, na bodi huweza kuita wataalamu. Pia biashara yenyewe imegeuka. Lakini ni jambo la kulitazama, kwa sababu mtambo ukilala, anayeumia kwanza ni muuzaji wa ndizi.

Simu ilipogeuka mahali pa kukopea

Kwa nini biashara iligeuka? Mwanzoni M-Pesa ilikuwa ya kutuma na kupokea. Novemba 2012 ikaja M-Shwari pamoja na benki ya CBA, ambayo siku hizi ni NCBA. Mwaka 2015 ikafuata KCB M-Pesa. Januari 2019 ikaja Fuliza, na hapo mtu mwenye salio sifuri akaweza kulipa nauli ya kutoka Runyenjes hadi Embu mjini kwa pesa ambazo hana.

Kampuni ya kusafirisha pesa na kampuni ya kukopesha pesa hazina hatari moja. Ile ya kwanza ikikosea, pesa hupotea njia. Ya pili ikikosea, mtu huamka kila siku akidaiwa. Bonasi inaingia na deni linakatwa kabla hujaigusa. Swali la mwanabenki lina pande mbili basi: je, kampuni itapata pesa zake? Na je, huyu mkopaji atabaki na kitu?

Upande wa kwanza kila bodi inaujua. Ule wa pili unahitaji mtu aliyewahi kukaa na wakopaji wadogo, mtu wa Sacco, wa chama, wa mikopo midogo. Unaposoma wasifu wa wakurugenzi wa kampuni yoyote inayokopesha kwa simu, tafuta mtu wa namna hiyo. Ukimkosa, wewe mwenyewe uwe mwanabenki wako. Soma ada kabla ya kubonyeza "kubali".

Swali la pili: ni nani alimteua?

Taaluma inakuambia mkurugenzi ataona nini. Haikuambii anamwangalilia nani. Kwa hilo unahitaji swali la pili, na ndilo muhimu zaidi katika makala haya: nani alimweka hapo?

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2008. Serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma kwa KSh 5 kwa hisa. Foleni zilikuwa ndefu, na kuna waliouza ng'ombe ili wanunue. Baada ya mauzo yale, mgao ulibaki hivi: Vodafone asilimia 40, serikali asilimia 35, umma asilimia 25. Sehemu kubwa ya Vodafone ilihamia Vodacom mwaka 2017. Desemba 2025 ukatangazwa mpango wa serikali kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya kampuni.

Mgao huu unagusa bodi moja kwa moja. Mwenye hisa kubwa hupendekeza watu wake. Ndiyo maana unamkuta Joosub, ambaye ni Mkurugenzi Mkuu wa Vodacom yenyewe, na ndiyo maana Hazina ya serikali imekuwa na mwakilishi wake. Si kosa wala si siri. Lakini mambo mawili yanapogongana, kwa mfano gawio kubwa kwa wenye hisa au ada nafuu kwa wateja, ni vizuri ujue kila mmoja ametoka nyumba gani.

Hapo ndipo wanapohitajika wakurugenzi huru, yaani wale wasiofungamana na mwenye hisa mkubwa wala na menejimenti. Kanuni za uongozi bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2015 zinasema angalau theluthi moja ya bodi iwe huru, na kamati ya ukaguzi iwe na mtu mwenye sifa za kitaaluma za uhasibu. Mkurugenzi huru mwenye taaluma sahihi ndiye aliye karibu zaidi na wewe, hata kama hamjawahi kukutana.

Linganisha na Sacco yako. Pale Nkubu, Meru mjini au Embu mjini, kanuni ya ushirika ni mwanachama mmoja, kura moja. Mwalimu mstaafu mwenye akiba ndogo na mfanyabiashara mwenye mamilioni wako sawa siku ya uchaguzi. Kwenye kampuni ni hisa moja, kura moja. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Ukiwa na hisa 1,000, piga hesabu mwenyewe.

Kuna na njia ya katikati. Benki ya Co-operative iko kwenye soko la hisa kama kampuni nyingine, lakini karibu asilimia 65 yake inamilikiwa na vyama vya ushirika kupitia chama kimoja kikubwa, Co-op Holdings. Matokeo yake unayaona kwenye bodi, ambako watu waliotoka katika uongozi wa ushirika hukaa pamoja na wataalamu wa fedha. Gideon Muriuki, ambaye amekuwa akiiongoza benki hiyo tangu 2001, alisomea hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi. Wenye hisa ni vyama vya wakulima na Sacco, kwa hivyo watu wa ushirika wana mlango wa kuingilia. Hiyo haimaanishi wao ni werevu kuliko wengine. Inamaanisha tu kwamba umiliki ndio unaofungua mlango, na taaluma inafuata nyuma yake.

Ujuzi ambao hauna cheti

Kuna jambo moja la mwanzo wa M-Pesa ambalo kila bodi ingefaa kulikumbuka. Ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005 Nairobi na Thika, haikukusudiwa kuwa huduma ya kutumiana pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa wanatengeneza njia ya wateja wa Faulu kulipa mikopo yao midogo. Wataalamu walikuwepo, fedha za maendeleo za Uingereza zilikuwepo, na mpango ulikuwa mzuri. Wateja wakaupokea, kisha wakaanza kufanya mambo yao. Wakatumiana pesa, wakawalipia wenzao, wakaweka pesa mahali pamoja kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Kampuni ikaona, na huduma iliyozinduliwa 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani.

Yaani jambo kubwa kuliko yote katika historia ya pesa kwa simu halikutoka kwa mhandisi, mhasibu wala wakili. Lilitoka kwa mtumiaji. Na sifa iliyowapa wataalamu wale heshima ni kwamba waliangalia kilichokuwa kikitendeka na hawakung'ang'ania mpango wao.

Wasifu wa mkurugenzi hukuambia alisoma London au Nairobi. Haukuambii kama aliwahi kusimama kwenye kibanda cha wakala kule Kiritiri siku ya soko, floti imeisha, na watu kumi wanataka kutoa pesa. Ujuzi huo hauna cheti. Hauwezi kuusoma kwenye karatasi, lakini unaweza kuupima kwa matendo: je, kampuni ina njia ya kusikiliza mawakala na wateja? Malalamiko yanafika hadi kwa bodi, au yanaishia kwa dawati la huduma? Ripoti ya mwaka inayataja, au inataja tuzo tu?

Isome bodi kwa dakika kumi na tano

Sasa kazi ya mikono. Chukua simu yako ufanye hivi.

Kwanza, fungua tovuti ya kampuni utafute sehemu ya wawekezaji. Pakua ripoti ya mwaka. Ni ndefu, lakini wewe unahitaji kurasa za wakurugenzi tu.

Pili, chora safu tatu kwenye karatasi: jina, taaluma, aliyemteua. Ripoti itakuambia nani ni huru, nani ni mtendaji na nani anamwakilisha mwenye hisa.

Tatu, hesabu taaluma. Wahasibu wangapi? Mawakili wangapi? Kuna anayejua mitambo na usalama wa data? Kuna aliyewahi kufanya kazi na wakopaji wadogo au wakulima?

Nne, tafuta kamati ya ukaguzi na ile ya hatari. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi anapaswa kuwa mkurugenzi huru. Angalia pia mahudhurio. Taaluma ya mtu asiyefika mikutanoni haikusaidii kitu.

Tano, angalia bodi nyingine anazokaa. Mtu mmoja akiwa kwenye bodi nyingi mno, muda wa kuzisoma karatasi za pesa zako atautoa wapi?

Na kama una hisa, hata chache zile za 2008 ambazo cheti chake kiko ndani ya sanduku la mzee, una haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza swali. Wa Safaricom huwa karibu na mwisho wa Julai, na tangu 2020 umekuwa ukifanyika kwa njia ya mtandao. Huhitaji tena kupanda matatu ya alfajiri kutoka Makutano kwenda Nairobi. Wakurugenzi wanaomaliza zamu hurudi kuomba kura. Usipige kura ya "ndiyo" kwa mazoea.

Kabla hujaondoka, onyo

Majina ya wakurugenzi yakiwa wazi, matapeli nao huyasoma. Utaona tangazo kwenye Facebook lenye picha ya bosi wa kampuni kubwa, likikuahidi kuwa ukiweka KSh 5,000 leo utapata mara tatu kesho. Au simu itakuja, na sauti ya upole itasema inapiga kutoka ofisi kuu, tena kwa niaba ya mkurugenzi fulani.

Wewe sasa unajua kazi ya bodi. Hakuna mkurugenzi wa bodi anayempigia mteja kumwomba namba ya siri. Hakuna mwenyekiti anayekusanya uwekezaji kwa ujumbe wa simu. Ukisikia jina kubwa likitajwa ili uharakishe kutuma pesa, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Pochi ya simu siku hizi inaruhusiwa kubeba hadi KSh 500,000. Kwa familia nyingi za Imenti au Mbeere, hizo ni pesa za misimu kadhaa. Hungempa mtu jukumu la kulinda kiasi hicho bila kuuliza yeye ni nani, amefanya kazi gani, na nani amemtuma. Maswali hayo matatu yanatosha kwa mlinzi wa ghala la kahawa. Yaulize na kwa bodi.